Kuitunza Santuri

Kwa muda mrefu nimekuwa na rai moja kuhusu taarab ya Tanga, na rai hiyo sikuiweka moyoni tu, bali nimeisema barazani na kuiandika pia: kwamba ni muziki mtamu uliobeba maneno mepesi. Ni rai ambayo mtu wa visiwani huweza kuitamka bila ya kudaiwa ushahidi. Sisi tuna Siti binti Saad. Tuna Ikhwani Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905. Tuna watunzi ambao tungo zao husomwa kama mashairi hata pasipo na ala. Wenzetu wa mrima wana magita. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, na walionisikiliza, wakiwa ni watu wa kwetu, hawakuwa na sababu ya kunibishia.

Makala haya nayaandika ili kuiondoa rai hiyo. Sikuiacha kwa kusoma kitabu, wala kwa kushindwa katika mjadala. Niliiacha katika siku nne za kusikiliza albamu tatu, kila moja tangu mwanzo wake hadi mwisho, nikiwa ukweni Makuyuni, wilaya ya Korogwe. Na kwa kuwa kosa nililifanya hadharani, naona haki kulirekebisha hadharani.

Makuyuni si mahali pa kwenda kutafuta taarab. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, baina ya Korogwe na Mombo, milima ya Usambara ikiwa upande mmoja na bonde la mto Pangani upande wa pili. Jina lake ni la mikuyu. Wenyeji ni Wazigua na Wasambaa, na pamoja nao wamo watu wa kila kabila ambao babu zao waliletwa na mkonge: manamba waliotoka Songea, Kigoma, Iringa na hata ng'ambo ya mipaka, wakaja kukata katani katika mashamba ya Ngombezi na kwengineko, na wengi wao wasirudi tena makwao. Bahari iko mbali, na watu wazima wapo wasiowahi kuiona. Ukumbi wa taarab haupo.

Nilikwenda huko mwaka jana wakati wa kipupwe, nikachukua kijiredio cha kuchezea CD na albamu zangu tatu, kwa nia ya kuandika uhakiki wa kawaida. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Usiku wa kwanza Siti na wenzake. Usiku wa pili Ikhwani Safaa. Usiku wa tatu Tanga. Nilitaraji, sifichi, kwamba nitakuwa nikishuka ngazi.

Albamu ya kwanza inaitwa Poetry and Languid Charm. Ilitolewa na kampuni ya Topic ya Uingereza mwaka 2007, ikiwa imekusanywa na Janet Topp Fargion kutokana na santuri kongwe zilizohifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, London. Ndani yake zimo sauti za Waswahili wa Tanzania na Kenya za tangu miaka ya 1920 hadi ya 1950. Jina lake linataja ushairi, kisha linataja mvuto wa kilegevu, na hapo kwenye ulegevu ndipo nilipoanza kugombana nalo. Siti si mlegevu. Sauti yake imesimama. Inakata kama mtu anayejua kwamba muda alioazimwa ni mchache. Na kweli ulikuwa mchache. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, upande mmoja wa santuri ulikuwa ukichukua dakika tatu hivi. Wimbo ambao Unguja ungeimbwa mpaka wasikilizaji watosheke, kule ulikatwa kama kanzu inayokatwa kwa kitambaa kisichotosha.

Hilo nilikuwa nikilijua, lakini kulijua si kulisikia. Nilipozisikiliza nyimbo hizo mfululizo, moja ikimkimbiza mwenziwe, nilitambua jambo lililonitia wasiwasi. Siti ninayemheshimu, yule mwenye nyimbo pana zenye kina, hayumo katika santuri. Katika santuri mna vipande. Upana niliupata kwengine: katika hadithi za wazee, katika masimulizi ya nani aliimbwa na kwa kisa gani, na katika kitabu cha Shaaban Robert. Kila wimbo ulikuwa mfupi, nami nikaurefusha kwa niliyokwisha kuambiwa. Kwa maneno mengine, nilipokuwa nikisema kwamba nyimbo za Tanga ni fupi na kwa hiyo ni nyepesi, nilikuwa nikimsamehe Siti kosa lile lile, tena bila ya kujua kwamba nasamehe.

Usiku wa pili niliweka Taarab 2 ya Ikhwani Safaa, iliyotolewa na GlobeStyle ya London mwaka 1988. Hapa mtu anaingia katika jumba kubwa. Fidla zinatangulia, kanuni inajibu, akodiani inajaza, na mwimbaji anangoja mpaka apishwe. Ni muziki wa watu wenye nafasi, sisemi kwa kejeli. Nafasi ni sehemu ya uzuri wake. Nikiwa nimekaa kwenye baraza ya mbele, malori yakipita na kuumeza ubeti mzima kila baada ya dakika chache, nilijihisi nimerudi nyumbani.

Lakini mhakiki anapaswa kujihoji. Wimbo ulipokwisha nilijiuliza: ubeti wa pili ulisema nini? Sikuweza kujibu. Nikaurudia, nikaingia tena katika fidla kama mtu aingiaye majini, nikatoka upande wa pili bila ya maneno. Mimi, mtetezi wa maneno, niliyewalaumu wengine kwa kufunikwa na magita, nilikuwa nimefunikwa na fidla na kuridhika. Tofauti ilikuwa hii tu, kwamba fidla nimezizoea, na kitu ulichokizoea hukioni kuwa ni pazia.

Sisemi kwamba Ikhwani Safaa wanaonea maneno. Katika ukumbi, watu wakiwa wameyajua mashairi tangu zamani, ala zile ndefu huwapa wasaa wa kuutafuna ubeti uliopita na kuungojea ujao. Nasema tu kwamba albamu, ikisikilizwa na mtu mmoja gizani mbali na ukumbi huo, inaacha ala mbele na maneno nyuma. Na kama hivyo ndivyo, basi kipimo changu cha maneno kwanza sikuwa nikikitumia kwa haki. Nilikitumia kwa Tanga tu.

Nikafika usiku wa tatu nikiwa tayari nimepunguza majivuno. Albamu ni Nyota, ya Black Star na Lucky Star, iliyotolewa na GlobeStyle hiyo hiyo mwaka 1989. Vikundi hivi viwili vya mji wa Tanga ndivyo vilivyoibadilisha taarab ya pwani katika miaka ya 1960 na 1970. Waliiacha okestra kubwa wakachukua gita la umeme, besi, kinanda na ngoma chache, wakaufanya mwendo uwe mwepesi kuchezeka, na wakawaweka mbele waimbaji wa kike. Mmoja wao, Shakila Saidi, alikuja kuwa jina kubwa katika taarab ya Tanzania nzima, akaimba baadaye na kikundi cha JKT Dar es Salaam, na alifariki mwaka 2016.

Jambo la kwanza lililonipata ni kwamba hakuna kungojea. Gita linatamka sentensi moja fupi, ngoma zinaikubali, na mwimbaji amekwisha kuwa karibu nawe. Ala hazimzingiri, zimemwachia nafasi. Anapotua baina ya kipande na kipande, gita hujibu kwa maneno machache kisha linanyamaza. Kila silabi inasikika. Nikagundua kwamba vina ninavihesabu bila ya kujitahidi, na kwamba beti zilezile za mistari mitatu, zilezile za mizani nane kwa nane tunazozithamini kwetu, zimo humo zimesimama wima. Wepesi niliokuwa nikiulaumu ulikuwa ni uwazi. Maneno yalikuwa mepesi kwa jinsi njia iliyofyekwa inavyokuwa nyepesi.

Hata hivyo, bado nilikuwa nikisikiliza kama mtu anayetoa alama za mtihani. Aliyenitoa humo ni mama mkwe wangu.

Inafaa nieleze tulivyokaa. Kwa desturi za kwetu, na za kule vilevile, mtu haketi na mama mkwe wake wakasikiliza nyimbo za mahaba. Mimi nilikuwa baraza ya mbele, yeye yuko uani na binti yake, na baina yetu ukuta na dirisha. Sikujua kwamba anasikiliza. Wimbo mmoja ulipokwisha nikasikia akimwambia mke wangu, "Mwambie mwenzio aurudie huo." Nikaurudia. Ulipokwisha mara ya pili, akauliza kwa sauti ya kunifikia, "Na upande wa pili una nini?"

Nikamjibu kupitia dirishani, "Hii haina upande wa pili, mama. Ni CD. Nyimbo zote ziko upande mmoja."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi watu wanajibizana vipi?"

Sikulielewa swali. Asubuhi yake, mke wangu akiwa kati yetu kama mkalimani wa adabu, nilielezwa. Katika miaka ya 1970, harusi za Makuyuni hazikuweza kumudu kikundi kutoka Tanga. Aliyemudu ni mwenye duka mmoja aliyekuwa na gramafoni ya betri na sanduku la santuri ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande. Alikodiwa. Gramafoni iliwekwa juu ya meza katikati ya uwanja, karabai ikaning'inizwa, na kando ya mashine ikawekwa sahani. Wimbo ulipomgusa mwanamke, aliinuka, akazunguka uwanja kwa madaha, akapita mbele ya yule aliyemkusudia, na kwenda kuweka thumuni katika sahani. Aliitunza santuri kama anavyotunzwa mwimbaji. Hakuna aliyetaja jina la mtu, na hakuna aliyehitaji kulitaja.

Na mara nyingine, akaeleza, yule aliyepitiwa mbele naye huinuka. Huweka shilingi nzima, mara mbili ya mwenzake, na kumwambia mwenye mashine: geuza. Santuri ikageuzwa, na wimbo wa upande wa pili, ambao labda haukuwa na uhusiano wowote na wa kwanza katika akili za waliouimba, ukawa ndio jawabu. Watu walikuwa wakizijua pande zote mbili za kila santuri. Mwanamke mwenye busara hakutoa thumuni yake kabla ya kufikiri upande wa pili una nini.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku hiyo. Sisi wapenzi wa ushairi tunajua kwamba moyo wa ushairi wa Kiswahili ni kujibizana. Tunawafundisha vijana katika skuli zetu kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga akiwajibu wapinzani wa mji wake, na kwamba shairi lake halieleweki sawasawa mpaka ujue lilikuwa likimwelekea nani. Tunafurahia fumbo, na fumbuo lake, na jawabu lililorudi kwa vina vile vile. Lakini nilipoketi kuuhukumu wimbo wa Tanga, niliukamata peke yake, nikauweka juu ya karatasi, nikauliza: msamiati wako u wapi? Sikumuuliza aliyejibiwa ni nani. Nilihukumu nusu ya mazungumzo.

Wanawake wa Makuyuni, ambao nyumbani walizungumza Kizigua na Kisambaa na lugha za mbali zaidi, walikuwa wamechukua maneno yaliyorekodiwa na watu wasiowajua, wakayafanya yao kwa thumuni. Na maneno yaliweza kuchukuliwa hivyo kwa sababu yalikuwa mepesi kueleweka. Lugha ngumu ingekuwa mali ya mtu mmoja na kisa kimoja. Hii ilikuwa wazi kiasi cha kumtosha kila mwenye kisa. Ugumu, kama ndio tunaoutafuta, haukuwa katika neno; ulikuwa katika kumjua anayeambiwa. Fumbo humfumbia mjinga, na mjinga wa usiku ule nilikuwa mimi, niliyekuwa barazani nikihesabu mizani.

Kelly Askew, Mmarekani aliyefanya utafiti wake Tanga na kushiriki katika vikundi vya huko, ameeleza kwa urefu katika kitabu chake Performing the Nation cha mwaka 2002 jinsi kutunza kunavyowapa wanawake nafasi ya kusemezana hadharani bila ya kusema. Nilikisoma zamani, nikakubaliana nacho kama habari ya jamii. Haikunijia kwamba ni habari ya ushairi pia, na kwamba ikiwa ni kweli, basi inanibidi nibadilishe namna ya kusoma.

Hapa najua nitaulizwa swali. Kama thamani ya wimbo iko katika kurushiana, je, si huko ndiko kulikotuletea mipasho? Katika miaka ya 1990 tulishuhudia Dar es Salaam kundi la TOT na la Muungano, Khadija Kopa na Nasma Khamis, wakishindana mpaka watu wakaenda ukumbini kwa ajili ya ugomvi na si kwa ajili ya wimbo. Wapenzi wengi wa taarab ya zamani hawajausamehe wakati ule.

Jawabu langu ni kwamba ziko tofauti mbili. Katika mipasho mwimbaji mwenyewe ndiye mgomvi, na neno linakwenda moja kwa moja likiwa uchi. Katika uwanja wa Makuyuni mwimbaji hakuwa na habari. Neno lilivaa nguo zake zote, na mwanamke aliyetoa thumuni aliweza siku zote kusema: mimi nimeupenda wimbo tu. Ule uwezo wa kukana ndio stara, na stara ni sehemu ya sanaa. Mama mkwe wangu alinipa mfano wa marafiki wawili waliojibizana usiku mzima kwa pande mbili za santuri moja, na asubuhi wakaenda pamoja kuteka maji, kwa kuwa hakuna lililokuwa limesemwa.

Sitaki nionekane nimetoka upande mmoja wa upofu na kuingia mwingine. Albamu ya Nyota ina udhaifu wake. Ukiisikiliza mfululizo, mwendo unaanza kufanana, na kabla ya mwisho sikio linachoka na gita lile lile lililokuwa likilifurahisha mwanzoni. Viko vina vilivyopatikana kwa shida. Lakini nadhani sehemu ya uchovu huo inatokana na albamu yenyewe, si nyimbo. Nyimbo hizi hazikuundwa zifuatane. Ziliundwa mbili mbili, mgongo kwa mgongo, kila moja ikiwa na kimya baada yake, kimya cha mtu kuinua sindano, kugeuza, na watu kutazamana. Albamu imeondoa kimya hicho, na imeondoa mgongo. Mkusanyaji husikiliza kwanza, akachagua, akapanga, na sisi tunasikiliza usikilizaji wake. Hilo ni kweli kwa albamu zote tatu nilizozichukua, na zote tatu zilipangwa London.

Simlaumu mpangaji. Santuri za Makuyuni ziko wapi? Nyingi ya santuri za taarab za zama zile zilitoka Mombasa, ambako duka la Assanand lilikuwa na lebo yake ya Mzuri. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe mpaka mwaka 1983. Santuri mpya zikakatika. Zilizokuwapo, nimeelezwa, zilichezwa mpaka mifereji ikalika na sauti ikawa kama ya mtu mwenye mafua, kisha zikawa vifuniko vya mitungi. Ikabaki Redio Tanzania, ambayo ilikuwa ikiupiga wimbo kwa saa yake yenyewe na kwa wote, na haikuweza kuambiwa igeuze. Kama si wakusanyaji, nisingekuwa na la kusikiliza katika baraza ile, wala mama mkwe wangu asingekuwa na la kuliuliza.

Kwa hiyo neno letu la kutunza linafaa kuchukuliwa kwa maana zake zote mbili. London wameitunza santuri, yaani wameihifadhi isipotee. Makuyuni waliitunza, yaani walimpa mwimbaji asiyekuwapo haki yake, na kwa kufanya hivyo wakaukamilisha wimbo. Kazi ya mhakiki iko baina ya maana hizo mbili. Mimi nilikuwa nimesahau ya pili.

Nimemtaja Shaaban Robert, na sina budi kurudi kwake, kwani ndiye anayenitia haya zaidi. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Yeye, mtu wa mrima, ndiye aliyekaa na Siti binti Saad wa Fumba, akamsikiliza na kumwandikia Wasifu ambao mpaka leo ndio tunaoutegemea. Hakuuliza kama Siti ni wa kwao. Sehemu kubwa ya upana ule niliouona kwa Siti, ambao haumo katika santuri, ni zawadi ya sikio la Mtanga. Na sisi wa visiwani, waimbaji wa Tanga waliposimama mbele ya kipaza sauti, tulisema: wana magita. Deni hili ni la zamani kuliko makala yangu ya zamani, lakini sehemu yake ni yangu.

Sijui kama albamu hizi zitanipa tena siku nne kama zile. Nimezisikiliza nyumbani tangu niliporudi, na Ikhwani Safaa wamerudi kuwa wakubwa kama walivyokuwa, kwa kuwa huku nina watu wa kuniambia ubeti wa pili ulisema nini. Nyota nimeijifunza upya. Sasa kila wimbo unapokwisha nausimamisha, nangoja kidogo, na kujiuliza ni wimbo gani katika hizi ungeweza kuujibu. Ni zoezi gumu kuliko kuhesabu mizani, na mara nyingi nashindwa.

Siku ya kuondoka, mama mkwe wangu alituma ujumbe kupitia kwa mjukuu wake. Alikuwa akitaka nyimbo. Nikasema nitamwachia albamu yote. Mtoto akaenda uani, akarudi: hataki yote, anataka mbili tu, na anataka zifuatane. Akanitajia. Moja ilikuwa karibu na mwanzo wa albamu na nyingine karibu na mwisho, na sikuwahi kuzifikiria pamoja. Yule kijana akazihamisha kwa mpangilio huo katika kadi ndogo, akaitia katika redio ya bibi yake. Nilikuwa nimesimama barabarani nikingoja basi la kwenda Segera nilipousikia wimbo wa kwanza ukianza uani, ukaimba mpaka mwisho, kikapita kimya kifupi, na wa pili ukafuata.